Mlo wa Familia na Historia ya Uzalishaji Mali Tanzania

Utangulizi

Katika madarasa ya siasa na katika mazungumzo ya kawaida husikika mara nyingi usemi kwamba zamani familia zetu zilikula pamoja, na kwamba siku hizi kila mtu anakula kivyake. Wanaosema hivyo hutoa sababu zao: maadili yameporomoka, vijana wameiga mambo ya kigeni, akina mama wamelitupa jiko, televisheni na simu zimeua mazungumzo ya jamvini. Malalamiko haya yana chembe ya ukweli. Lakini kada au mwanafunzi wa historia hawezi kuishia kwenye malalamiko. Hana budi kuuliza: "zamani" hiyo ni ipi hasa? Nani alikula na nani? Nani alipakuliwa kwanza, na nani alibakiziwa ukoko? Chakula chenyewe kilitoka wapi, na kilikuwa mali ya nani?

Makala hii inaeleza mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba mlo wa familia, yaani saa za kula, idadi ya milo, aina ya chakula na utaratibu wa kukaa, haukubadilika kwa sababu watu waliacha mila kwa utashi wao. Ulibadilika kila mara njia za uzalishaji mali zilipobadilika na kila mara jasho la mkulima lilipopata bwana mpya. Jambo la pili ni kwamba katika mabadiliko yote hayo liko jambo moja ambalo limebadilika kidogo mno: mzigo wa mwanamke, na nafasi ya mtoto mdogo mwishoni mwa foleni ya sufuria. Jambo hili la pili ndilo linaloufanya mjadala huu uwe wa leo, kama tutakavyoona.

Mlo katika jamii za kale

Kabla ya ukoloni familia nyingi za nchi yetu zilikula zilichozalisha. Mtama, ulezi na uwele ndizo zilizokuwa nafaka kuu za nyanda kavu. Migomba ililisha watu wa Kilimanjaro, Buhaya na Rungwe. Wafugaji waliishi kwa maziwa. Mahindi na muhogo, ambavyo wengi wetu leo tunaviita chakula cha asili, vilitoka Amerika na kuingia Afrika Mashariki baada ya Wareno kufika mwambao mwishoni mwa karne ya 15. Hata jambo hili dogo linatuonya tusiharakishe kuita kitu "mila ya tangu na tangu".

Kwa kawaida mlo mkuu ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa jioni. Asubuhi watu walikula kiporo, au walikwenda shamba na tumbo tupu wakarudi jua likiwa kali. Sababu ni ya kiuchumi. Nafaka ilipaswa kutwangwa kinuni na kusagwa juu ya jiwe, maji yachotwe, kuni zikatwe, na kazi zote hizo zilifanywa na mwanamke yule yule aliyelima mchana. Siku moja haikutosha kutengeneza unga wa milo mitatu.

Je, familia ilikula pamoja? Ilikula kwa ushirika, ndiyo. Lakini mara nyingi haikula mahali pamoja. Katika sehemu nyingi wanaume walikula nje, barazani au chini ya mti, kila nyumba ikileta chungu chake. Mwanamume ambaye nyumbani kwake hakukupikwa siku hiyo alikula cha jirani bila kuulizwa. Wanawake na watoto walikula jikoni. Kwa Wamasai ilikuwa mwiko kwa morani kula nyama mbele ya wanawake. Katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa, watafiti walioishi huko katika miaka ya 1930 walikuta bado upo utaratibu wa vijiji vya rika: mvulana afikapo umri wa miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake, akaenda kujenga na wenzake, na kundi zima lilizunguka kwa mama mmoja hadi mwingine kula. Kula peke yako ilikuwa aibu. Mwenzio wa kula alikuwa rika lako, wala hakuwa baba yako.

Hii ndiyo shule iliyowafunza watoto wetu ujamaa kabla neno lenyewe halijaandikwa. Katika sinia moja mtoto alijifunza kunawa baada ya wakubwa, kula upande wake, na kutogusa nyama mpaka mkubwa aigawe. Mgeni alikula, lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haki ya kula ilikwenda pamoja na wajibu wa kufanya kazi.

Lakini tusiitie sukari historia. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna aliyeisifu jamii ya jadi kuliko yeye, alieleza wazi katika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 kwamba jamii hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa: umaskini, na kukubali kwamba mwanamke si sawa na mwanamume. Alisema wanawake vijijini wanafanya kazi kupita fungu lao la haki. Sufuria ni ushahidi. Firigisi ilikuwa ya baba. Mahali pengi wanawake na watoto walikatazwa mayai au nyama ya kuku kwa visingizio mbalimbali. Aliyelima, akapalilia, akavuna, akatwanga na kupika, alikula mwisho. Tena hatuwezi kusahau kwamba zilikuwapo jamii zenye watwana na mabwana, na watawala waliolimiwa na watu wao. Ushirika ulikuwapo kweli. Usawa ulikuwa nusu.

Misafara, karafuu na bunduki

Karne ya 19 iliingiza nguvu mpya jikoni. Biashara ya pembe na watumwa ilifungua njia kutoka mwambao hadi Tabora na Ujiji. Maelfu ya wapagazi walipaswa kulishwa njiani, na chakula kikaanza kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa vitambaa na shanga. Wafanyabiashara wa pwani walipeleka mpunga hadi Tabora. Huko Unguja na Pemba, tangu miaka ya 1830, ardhi iliyokuwa ya chakula ilipandwa mikarafuu iliyohudumiwa na watumwa, na visiwa vikazidi kutegemea mchele wa kuletwa kwa vyombo. Hapo ndipo tunapoiona kwa mara ya kwanza sura ya uchumi wa baadaye: kuzalisha kisicholiwa, na kula kisichozalishwa.

Ukoloni wa Kijerumani uliikamilisha sura hiyo kwa nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ililetwa kodi ya nyumba. Kodi maana yake ni kwamba familia hairuhusiwi tena kutosheka na chakula chake. Lazima itafute fedha, ama kwa kuuza mazao ama kwa kuuza nguvu za mwili. Kusini wananchi walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumbe, katika majira yale yale ambayo mashamba yao ya chakula yalihitaji mikono. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilikuwa na sababu nyingi, lakini shamba la pamba lilikuwa mojawapo ya kubwa. Na jibu la mkoloni lilielekezwa kwenye chakula: ghala zilichomwa, mashamba yakaharibiwa, watu wakazuiwa kupanda. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walifikia 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa kuliko risasi.

Miaka kumi baadaye Wajerumani na Waingereza walipigana wao kwa wao juu ya ardhi yetu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa Ugogo kuwafanya wapagazi. Mvua zilipokosekana hakukuwa na akiba wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na kizazi kizima kilihesabu miaka yake kwa jina hilo. Mtu akisema ukoloni ulileta mlo wa kisasa, na akumbushwe kwanza Mtunya.

Posho ya manamba

Mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwanzoni mwa miaka ya 1890, na katika enzi ya Mwingereza mashamba ya Tanga na Morogoro yakawa mdomo mkubwa uliomeza vijana wa Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mkataba wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku thelathini za kazi, na chakula chao kiliitwa posho: unga wa mahindi uliopimwa, na maharage kidogo.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa maana posho ndiyo ufunguo wa historia nzima ya mlo wetu katika karne ya 20. Posho ilipimwa kwa mtu mmoja. Mshahara nao ulikadiriwa kwa mtu mmoja, kapera, hata kama manamba alikuwa na mke na watoto watano. Ni nani basi aliyewalisha wale watano? Ni mke wake, kwa jembe la mkono, kule kijijini. Bepari wa mkonge alinunua nguvu za mwanamume kwa bei nafuu kwa sababu gharama ya kumzaa, kumlea, kumlisha akiwa mtoto na kumpokea akiwa mzee au mgonjwa ililipwa na jiko la mwanamke wa kijijini. Jiko hilo halikuandikwa katika hesabu za kampuni yo yote, lakini faida ya kampuni ilipikwa humo.

Matokeo yake kwa mlo yalikuwa mawili. Kambini, wanaume wasiojuana walijifunza kula kwa makundi sufuria ya ugali wa mahindi. Waliporudi kwao walirudi na ladha hiyo. Kijijini, baraza la wanaume lilipungua watu. Mahali ambapo zamani vyungu kumi viliwekwa chini ya mti, vilibaki vitatu, na wazee wakaanza kula majumbani mwao. Katika Rungwe, ambako vijana walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na ambako kahawa iliifanya ardhi iwe mali ya kudumu ya mtu na watoto wake, vijiji vya rika vilififia. Hakuna mhubiri wala mwalimu aliyefanya kazi hiyo peke yake. Iliyofanya kazi zaidi ni kahawa na mshahara.

Mabadiliko ya nafaka yenyewe yalikwenda njia hiyo hiyo. Mtama na uwele huhitaji mtu wa kuamia ndege kutwa nzima kwa majuma kadhaa, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Kwa kadiri watoto walivyokwenda shule na vijana walivyokwenda mkonge, shamba la mtama lilikosa mlinzi, ilhali muhindi umejifunika maganda yake na muhogo umejificha ardhini. Serikali ya kikoloni nayo ilitunga sheria ndogo za kulazimisha kila kaya kuwa na shamba la muhogo, kinga ya njaa isiyomgharimu mkoloni senti moja. Hivyo mahindi na muhogo vilishinda, ingawa mtama na ulezi huvumilia ukame kuliko mahindi, na zina lishe kuliko muhogo mkavu.

Mjini hali ilikuwa ya namna yake. Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na vyakula viligawanyika vivyo hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kilipoanza kutolewa kwa mgao, mgao huo ulifuata rangi ya mtu. Mfanyakazi wa bandarini hakupanga saa ya kula. Ilipangwa na king'ora na meli. Alikunywa chai ya rangi alfajiri, akala mchana kwa mama wa pembeni mwa geti, akarudi usiku. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa 1947 ukaenea katika miji mingine. Bei ya maisha, na katika maisha ya makabwela hiyo maana yake ni bei ya unga, ilikuwa kiini cha madai yao.

Na ili asiwepo wa kudhani kwamba mkoloni hakujua umuhimu wa mlo wa familia, tutazame Kongwa. Baada ya vita familia za Uingereza zilikosa mafuta ya kula. Serikali yao ikaanzisha mwaka 1947 mpango wa kulima karanga katika nchi yetu kwa matrekta, ikazamisha kiasi cha pauni milioni 36, na kuufunga mpango mwaka 1951 bila karanga za maana. Fedha hizo zilitupwa katika vichaka vya Ugogo, nchi ile ile ya Mtunya, ili meza ya familia ya London ipate mafuta ya kula. Meza ya Mgogo haikuwamo katika hesabu.

Uhuru, shule na vijiji

Uhuru wa mwaka 1961 na Azimio la Arusha la 1967 vilibadili swali lenyewe. Kwa mara ya kwanza serikali ilijiuliza hadharani mwananchi anakula nini. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai, ambamo wananchi zaidi ya milioni moja walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadili mlo wao. Mahali pengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wanaume kukaa mkutanoni na kujadili mwiko wa mayai kama jambo la siasa. Hayo ni mafanikio, na hayana budi kutajwa.

Hata hivyo, kujikosoa ni sehemu ya nadharia yetu. Operesheni za kuhamia vijijini za 1973 hadi 1976 ziliwakusanya wananchi karibu na shule, zahanati na bomba la maji. Kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuishi vijijini. Lakini nyumba zilipokusanyika, mashamba yalibaki mbali. Mwanamke aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani, sasa alitembea mwendo mrefu kwenda na kurudi, na kuni za karibu zikaisha upesi kwa wingi wa majiko. Chakula cha mchana kikafa katika kaya nyingi wakati wa kilimo: mama yuko shamba, chungu kiko nyumbani. Tena mahali ambapo watu walihamishwa kwa pupa, mazao yaliachwa nyuma. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuja juu ya hayo, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Mahindi ya njano ya msaada wananchi waliyapa jina la yanga, wakayala kwa mzaha na kwa uchungu.

Elimu ya msingi kwa wote, iliyotekelezwa tangu mwisho wa 1977, nayo iligusa mlo. Mtoto wa miaka saba aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri. Kiporo ambacho babu yake alikula taratibu kikawa cha kuwahiwa, au hakikuwapo. Tuliwapa watoto wetu kalamu, na hilo ni jambo la kujivunia. Hatukuwapa wote uji wa saa nne.

Miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 inakumbukwa na kila mtu mzima. Sukari, sabuni, mafuta na unga vilitafutwa kwa foleni, na mijini familia ziliandikishwa katika maduka ya kaya. Mshahara wa mwezi ulinunua chakula cha siku chache. Nani aliziokoa familia za mijini? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, kwa vitumbua, maandazi, samaki wa kukaanga, bustani za mchicha na vibanda vya mama ntilie. Ndipo ilipogeuka ile hesabu ya manamba: baba mwenye ajira rasmi akalishwa na mama asiye na ajira katika vitabu vya serikali. Uwezo wa mama wa kuamua kipikwe nini ulikua, lakini mzigo wake ulikua zaidi. Kula pamoja kulipungua kwa sababu rahisi sana: saa ya familia kula ndiyo saa ya mteja kununua.

Soko huria na mgawanyo mpya wa samaki

Tangu makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, soko lilifunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini soko hugawa kwa fedha, halitazami njaa. Mfano ulio wazi kabisa ni Ziwa Viktoria. Sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka mno katika miaka ya 1980. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza na Musoma vikawa vinamchuna minofu na kuisafirisha Ulaya. Kilichobaki kwa makabwela ni mapanki: kichwa na mifupa, vikaushwe juani na kukaangwa. Mvuvi alivua, mama alikaanga, mtoto alinyonya mfupa. Mnofu ulipanda ndege. Hapa tabaka halihitaji kuelezwa kwa maneno magumu; lilionekana katika sahani.

Miji ilipokua, mlo ulizidi kuhama kutoka nyumbani. Mfanyakazi anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam huondoka kabla ya jua na kurudi usiku. Watoto hula na dada wa kazi, ambaye mwenyewe ni mtoto wa mkulima aliyeacha jiko la mama yake. Mchana ni wali maharage kwa mama lishe, au chipsi. Wanaolaumu simu waangalie kwanza saa mbili za barabarani na bei ya nyumba karibu na kazi. Simu haikumtoa baba mezani, ilimkuta ameshaondoka.

Funzo la Iringa

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, na katika Iringa idadi ilizidi nusu ya watoto. Hii si mikoa ya njaa. Ni mikoa iliyopewa sifa ya ghala la taifa tangu miaka ya 1970, pale mbegu bora, mbolea na bei moja ya nchi nzima zilipoifanya Nyanda za Juu Kusini kuwa nchi ya mahindi. Mkoa unalisha nchi, na mtoto wake amedumaa. Yeyote anayeamini kwamba wingi wa mavuno peke yake ni shibe, na alifikirie jambo hili.

Jibu halikuanza kutafutwa leo. Mwaka 1983 ulianzishwa mkoani Iringa mradi wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ukaanza katika vijiji 168. Kamati za vijiji zilipima uzito wa watoto, zikachambua sababu, zikaamua hatua, kisha zikapima tena. Walichogundua wananchi ni hiki: katika kaya nyingi chakula kilikuwapo, lakini mtoto mdogo alilishwa mara mbili au tatu tu kwa siku, pamoja na wakubwa, na kwa ugali au uji mzito usio na kitu kingine. Tumbo lake dogo halikuweza kubeba kwa milo miwili chakula cha siku nzima. Na kwa nini alilishwa mara mbili? Kwa sababu mama alikuwa shambani, au kisimani, au porini akitafuta kuni, au mashineni. Swali la lishe lilikuwa swali la saa za mama.

Hatua zilizochukuliwa zilifuata uchambuzi huo: vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana, uji uliolainishwa kwa unga wa kimea ili mtoto ale chakula kingi zaidi, mikutano iliyowahusisha akina baba. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache. Fedha za nje zilipokwisha na vijiji vilipoachwa vijitegemee katika uchumi mgumu, vituo vingi vilidhoofika. Takwimu za 2022 zinatuambia matokeo ya kuacha kazi nusu.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha kwamba hakuna enzi moja ya dhahabu ya mlo wa familia ambayo tunaweza kuirudia. Baraza la wazee lilikuwa na ushirika bila usawa. Kambi ya mkonge ilikuwa na chakula bila familia. Foleni ya duka la kaya ilikuwa na usawa wa uhaba. Soko huria lina wingi bila mgao wa haki. Kila enzi ilitoa kitu na kunyang'anya kitu, na kila enzi ilimtwisha mwanamke sehemu ya gharama ambayo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo wajibu wa kada hauwezi kuwa kuwahubiria wananchi warudi jamvini. Wajibu wake ni kuuliza katika kila kijiji na mtaa: maji yako umbali gani? Mashine ya kusaga iko wapi? Mama anapika kwa nishati gani? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo hilo litapimwa kwa saa ngapi mama amezipata, si kwa mitungi mingapi imegawiwa mkutanoni. Mtoto anakunywa uji shuleni au anashinda na njaa? Baba anajua mtoto wake wa miaka miwili amekula mara ngapi leo? Kada asiyeweza kujibu swali hili la mwisho kuhusu nyumba yake mwenyewe, na aanzie hapo.

Wazee wetu walisema ushirika hujengwa jamvini. Walisema kweli. Lakini jamvi hutandikwa na mtu, na chakula hupikwa na mtu, na haki ya mtu huyo ndiyo kipimo cha ushirika wenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Eleza jinsi mshahara wa manamba ulivyotegemea kazi ya mwanamke kijijini. Je, hali hiyo imekwisha katika ajira za leo?

2. Kwa nini mtama ulishindwa na mahindi katika sehemu nyingi za nchi? Tofautisha sababu za hali ya hewa na sababu za nguvu kazi.

3. Chagua kaya tatu katika eneo lako. Andika saa ambazo mama anaamka na kulala, na idadi ya milo ya mtoto mwenye umri chini ya miaka miwili. Mkutano wenu unaweza kubadili nini?